Mpira wa Kufungia Mzigo

Hapa Birere, kwa Bauma kwado,
tyubu iliyochoka haitupwi.
Anaipasua kwa kisu cha fundi viatu,
anauvuta utepe mweusi, mrefu kama ukuta wa duka,
nao ndio unaofunga viazi vya Kibumba
juu ya chukudu yangu.

Miaka kumi na minne nateremka barabara ile.
Ninachosema nimekiona, sikusomewa:
jua likipanda, bati la paa hulia likitafuta nafasi,
waya wa umeme huning'inia
kama aliyeinamia deni,
lakini mpira uliovutwa, wenye mzigo,
joto likiuingia
hukaza.
Huyabana magunia mpaka viazi vinagunana.

Nikamuuliza Mwalimu Sekanabo wa fizikia.
Hakunijibu. Aliwanyang'anya watoto kamba yao ya kuruka,
akanipa ncha moja.
"Tikisa."
Nikatikisa. Kamba ikapiga tao hewani,
na mikono yetu ikavutwa, ikasogeleana,
hakuna aliyepiga hatua.
"Joto ni ngoma," akasema. "Wengi wakicheza husukumana,
wanataka uwanja.
Hawa huchezea ubavuni,
na kila wakiyumba wanavuta ncha zao ndani."

Akasema uko unga mweupe, wa maabara za mbali,
ukichomwa husinyaa.
"Na ukigandamizwa?"
Akawarudishia watoto kamba kwanza.
"Kitu cha kawaida ukikibana kinashupaa.
Huo ukiubana unalegea.
Mkono wa pili hutumia nguvu kidogo kuliko wa kwanza."

Nilicheka. Kesho yake, kizuizini Kibati,
sikucheka.
Mwaka wa kwanza nilibishana nao hadi jua likatua,
kabichi zikanyauka, nikalala juu ya mawe ya lava.
Mwaka wa pili nilinung'unika.
Sasa noti imekunjwa kiganjani
kabla kijana hajaishika kamba,
na ananiita baba.

Kahambu, mke wangu, haafiki.
Anasema, usiku ule mlima ulipopasuka
na mbingu ikawa nyekundu kama jiko,
tulikuwa kumi na mmoja katika chumba kimoja, Sake,
ugomvi wa shamba ukayeyuka,
shemeji aliyeninunia miaka sita
akanipa nusu ya mkeka.
"Hayo nayo ni kulegea?" ananiuliza,
huku akichambua maharage.
Sijui, Kahambu.
Nilijua tu kwamba tulikuwa wadogo,
na kwamba tulienea.

Jioni nafungua mzigo.
Mpira unaruka, unachapa kifundo cha mkono,
unarudi ulivyokuwa.
Karibu.
Bauma huupima kwa vidole kwenye ukingo wa meza,
pale alipochora alama kwa msumari siku aliponiuzia.
"Umeongezeka kidole kimoja," anasema.
"Bado unafaa."

Kamba hukatikia pabovu.
Naukunja, nautia chini ya kiti.
Mimi hajanipima mtu.
Saa kumi alfajiri, Kibumba.