Siku Nane, Penseli Moja

Mfereji wa baridi unatoa maji ya moto.
Ndivyo Alkhodh inavyokuwa mwezi wa saba:
unafungua bomba la moto, ulilolizima tangu Aprili,
ndipo upate maji ya kuvumilika,
na mchana kutwa mlango haufunguliwi ila kwa paka.

Ndani, juu ya meza ya kulia,
Hilali kaitandaza Ayalandi.
Pembe moja kaikandamiza kwa birika la kahawa,
ya pili kwa sahani ya tende,
ya tatu kwa miwani yangu, ninayoitafuta tangu asubuhi.

Siku nane, anasema, hatuwezi kuizunguka yote.
Miaka thelathini alipima mabomba ya mafuta jangwani;
leo anaipima Kerry kwa penseli ile ile,
ulimi nje kidogo, kama mtoto anayeandika alifu.
"Huku milima imeingia baharini."
Iliyoingia baharini, namwambia, tunayo Musandam,
na mwaka juzi ulitapika kutoka bandarini hadi bandarini.
"Basi Burren. Nchi ya mawe matupu."
Mawe! Nauli ya watu wawili, viza, masweta,
niende nikatazame mawe,
na mlima huu hapa nauona nikianika nguo?
"Konemara, basi. Kijani kitupu."
Kijani tunakifuata Salala kila harifu,
sisi na Ghuba nzima, foleni ya magari na moshi wa mishikaki.

Thuraya kwenye simu: Mama, nendeni majabali ya Moher,
kila mtu hupiga picha pale.
Kila mtu. Hilo ndilo linalonitisha.

Na mengine. Isha yao inakaribia usiku wa manane,
alfajiri inabisha hodi shuka halijapata joto,
tutalala lini? Na magari yao hupita kushoto.
Hapo Hilali akacheka:
kushoto nilikujua kabla ya kulia,
pikapu ya marehemu baba, Mkoani hadi Chake,
kona zote zile, na breki za kubahatisha.

Nikanyamaza. Maana mie nina mahali, na sikuwa nimesema.

Rustaq, wodi ya wazazi, mwaka wa sabini na tisa,
msichana ninayejifunza kushika mkasi.
Alikuwapo muuguzi, Noreen,
madoa usoni kama yai la kanga.
Siku mvua ilipopiga, sote tukakimbilia ndani;
yeye akatoka.
Akasimama uani na sare yake nyeupe
mpaka viatu vikajaa.
"Kwetu Leitrim," akasema, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga,
"ng'ombe ni wengi kuliko watu,
na mvua ni nyingi kuliko ng'ombe.
Haji mtu kututazama."

Nikaichomoa miwani. Pembe ya ramani ikajikunja.
Nikaweka kidole: hapa.

Hilali akafungua kitabu cha wasafiri.
Kerry ina kurasa arubaini.
Leitrim ina moja na nusu, na nusu yenyewe ni picha ya ziwa.
"Kuna nini huko?"
Hakuna kitu.
"Yupo, huyo Noreen?"
Sijui. Kadi ya mwisho ilikuja mwaka wa tisini na moja,
muhuri umelowa, jina la kijiji halisomeki.

Hakuuliza tena.
Mume wa miaka arubaini na miwili hujua swali la kumeza.
Akaifuta Kerry, kifutio kikaacha vumbi la waridi baharini,
akaandika juu ya ile kaunti nyembamba: siku mbili.
Akafikiri. Akafuta mbili, akaandika tatu.

Mwavuli, nikasema, hatuna.
Umri wote huu wa ndoa, hatujapata kununua mwavuli.

Akaenda jikoni kunawa mikono.
Nikamsikia akipiga ukelele:
kafungua mfereji wa baridi.