Chini Kidogo ya Pezi

Usinichagulie mnono, Otiende.
Mnono huzimia mapema, kama mlevi wa harusini,
na mbuta hagusi maiti.
Yule si fisi. Ni bwana mwenye meno ya msasa
anayetaka chakula kinachomkimbia.

Tumbukiza mkono, mwiba haukuli.
Ndoo zangu ni nne hapa Uhanya:
mbili za fulu, moja ya mumi,
na hiyo ya mwisho ni maji tu, ya kubadilishia,
maana maji yakichoka samaki huja juu kupiga miayo,
na mteja akiona miayo
hupunguza bei.

Fulu ni mrembo wa saa mbili.
Hata ziwa likiwa na rangi ya chai ya maziwa
utamwona aking'aa,
lakini ukimtoboa tu, ameanza kuaga.
Mumi hana sura. Ana sharubu za karani wa zamani
na ngozi isiyoshikika,
ila atakaa kwenye ndoana usiku kucha
akipiga mkia, akilalamika,
na malalamiko ndiyo tunayouza hapa.

Chukua wa urefu wa kidole cha kati.
Changu, si chako; wewe una mikono ya kuchimba kaburi.
Mshike kwa kitambaa kilicholowa,
kiganja kikavu kinamuunguza.
Tafuta pezi la mgongoni. Teremka kidogo. Bonyeza.
Hapo penye ulaini, kati ya ngozi na uti,
ndipo ndoana namba kumi ipite,
itokee upande wa pili
bila damu.
Ukiona damu, umegusa nilipokwambia usiguse.
Mtupie yangeyange, anza upya.
Mia tatu hivyo. Na usihesabu kwa sauti.

Alinifunza Min Oganda, mama mkwe wangu,
usiku ambao taa iliishiwa mafuta,
vidole vyake juu ya vyangu ndani ya ndoo.
Akasema: kiumbe ukilazimika kumchoma,
mchome vizuri.
Kisha akanituma nikasugue sufuria,
kana kwamba hakusema kitu.

Kesho mshipi utavutwa.
Mkibahatika, mbuta wa kilo arobaini
atapigwa picha na vijana, atapimwa, atabishaniwa,
atalazwa kwenye barafu apelekwe kiwandani Kisumu.
Minofu itapanda ndege.
Sisi tutarudishiwa mgongo wazi,
kichwa na mkia vikishikana kwa mifupa tu,
nami nitaukaanga kwenye mafuta yaliyokwisha kukaanga mengine.
Kila nikiushika, kidole gumba hiki
huenda chenyewe bila kutumwa,
chini kidogo ya pezi, pale pa ulaini,
kikakuta upepo.

Umefika ngapi? Nilisema usihesabu.
Huyo umemtoboa karibu na kichwa, ataogelea kizunguzungu;
mbuta si mjinga, ataona kuna jambo.
Mrudishe. Hapana, si humo.

Humo ndoo ya nne usitie mkono.

Sawa, nilidanganya. Si maji tu.
Juzi Obiero alivuta ndoana zote,
nyingine tupu, nyingine zina kichwa kisicho na mwili,
na moja, ya mia mbili na kitu, ina mumi
mzima, tundu kushoto, tundu kulia,
sharubu zinatikisika kama mtu anayetafuta miwani.
Usiku mzima katikati ya meno yale
na hakuna aliyemtaka.
Obiero akasema mrudishe kazini, huyu ana uzoefu.
Nikacheka. Nikamfungua kwa koleo.

Sijui kwa nini. Shilingi kumi ni shilingi kumi,
na mimi si mtu wa kuonea samaki huruma, niulizie.
Lakini maji yake nayabadilisha kwanza,
kabla ya wengine,
na asubuhi, kabla sijafunga leso,
nachungulia.

Haya, jua linaingia, Obiero anapiga mluzi.
Chagua mwingine, mwembamba, mwenye hasira.
Huyu leo hauzwi.
Niulize tena unga ukiisha.