Tundu Moja, Tivii Nne

Bi Mwanvita alinipigia saa nne asubuhi,
maneno yake yakikimbizana na salio:
"Fundi, njoo. Laptopu ninayo, tivii ninazo nne.
Jioni Msimbazi wanacheza, Ulaya nako wanacheza,
na wateja wangu hawapendani
kiasi cha kutazama mechi moja."

Banda lake liko Tandika, nyuma ya mashine ya kusaga:
mabati juu, turubai ubavuni,
mabenchi yaliyong'arishwa na suruali za watu.
Tivii moja ina ufa kuanzia pembe hadi pembe.
Nyingine aliiacha mpangaji aliyehama usiku.

Laptopu ni mtumba wa Kariakoo.
Baadhi ya herufi zake zina vitone kichwani,
lugha ya watu wasionihusu.
Nikaigeuza ubavu, nikaikagua kama daktari wa meno.
Tundu la HDMI: moja.
Nikapuliza vumbi, nikatazama tena. Moja.

"Mama, hiki ni kinywa kimoja.
Kigawanyio kitalipeleka neno kila chumba
lakini hakitazaa neno la pili.
Kitakachosemwa huku ndicho kitakachosemwa kule."
Akacheka hadi kanga ikamdondoka begani:
"Basi ni kama marehemu mume wangu,
nyumba mbili, kisingizio kimoja."

Nikamtuma Pazi adapta ya USB, elfu thelathini na tano.
Akarudi na ya thelathini,
na mfuko wa karanga.

Nyaya zikatambaa juu ya kenchi,
nikazifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli,
jasho likinidondokea kwenye bisibisi.
Kisha nikabonyeza, na mashine ikauliza
swali lake la siku zote:
*Kurudufu, au kupanua?*

Mwaka wa tisa sasa nalijibu swali hili
kwenye kumbi za harusi, makanisani, baa za Sinza.
Baba yangu alijibu mara moja tu:
akanipa jina lake, cherehani yake,
na kiti chake pale barazani.
Nilikaa miezi miwili.

Nikabonyeza *kupanua*.

Tivii zikawa buluu. Zikasema hakuna mawimbi.
Zikawa nyeusi, mfano wa mtu anayetafuta jina lako.
Halafu, zote nne kwa pamoja,
theluji.

Theluji hadi kwenye fremu,
na katikati yake mtoto wa kike, kofia nyekundu,
meno mawili ya mbele hayapo,
amemkumbatia mbwa mwenye manyoya kuliko kondoo.
Watoto wanne. Mbwa wanne.
Na bati juu yetu likilia kwa joto.

Msusi wa jirani akaja na kitana mkononi.
"Nani huyo?"
"Pamba yote hiyo kaivuna nani?"
"Si pamba, ni friji imepasuka."
Muuza kahawa akatua birika lake,
akasogea hadi kwenye kioo chenye ufa,
akakigusa kwa kidole, kana kwamba ataungua.

Nikapeleka kishale pembeni nimfute,
niweke bango: *Kiingilio Mia Tano*.
Bi Mwanvita akanishika kiwiko.
"Mwache.
Yeye ndiye wa kwanza humu. Sisi tumepanga."

Jioni Msimbazi walikuwa kushoto, Ulaya kulia,
watu wakageuza shingo kama feni.
Bao likiingia huku, kule wanaguna.
Sikusikiliza sana. Nilikuwa natazama waya wa tatu,
ule wa elfu thelathini, usije ukaniumbua.

Filimbi ya mwisho. Madirisha yakafungwa moja moja,
na nyuma yake, bado amesimama,
na baridi yake yote, na pengo lake.
"Haya, mwanangu, lala," mtu akasema, sikumjua nani,
akazima ya kwanza.

Pazi anataka kujua mbwa anaitwaje.
Mimi nataka elfu tano yangu.
Anasema niulize karanga.