Mto wa Kulalia

Mama alipoletwa Samail, karafuu za Wete bado mkobani,
aliuliza: mto uko wapi?
Mashemeji wakamwonyesha mawe.
Mawe, na mbuzi juu ya mawe,
na galoni tupu limepauka kwa jua.
"Huu," akasema, "labda mto wa kulalia."
Wakacheka wanaojua Kiswahili.
Waliobaki wakangoja tafsiri, kisha hawakucheka.

Mimi ndiye niliyekuja kuajiriwa kuupima.
Nina fimbo yenye namba na kijitabu cha wizara,
na ukurasa kwa ukurasa nimeandika: hakuna.
Hakuna. Hakuna.
Unyevu kidogo chini ya mtende wa Muhenna.
Hakuna.

Lakini njia yake naijua kama kipofu ajuavyo chumba chake:
unatoka kwenye nyufa za Jabali Akhdhar,
unapita katikati ya vilima vyeusi,
vyeusi vya kijani, kama mgongo wa nyoka,
ambavyo wajuzi wa miamba wanasema
vilikuwa sakafu ya bahari
kabla hajapatikana mtu wa kuzama humo.
Basi bahari ndiyo iliyotangulia kupanda mlima.
Mto kazi yake kuirudisha,
punje kwa punje.

Usiku ule wa Machi kwetu haikunyesha.
Nyota zote zilikuwapo.
Ikaja sauti, kama lori linamwaga kokoto,
na kokoto haziishi.
Muhenna akapiga simu Bidbid, Bidbid wakapiga Fanja:
toeni magari, fungueni mbuzi.
Nami nikampigia Mama, kule Sib.
"Mto unakuja."
"Huyo?" akauliza,
kama anayeulizia mtu.

Niliufuata kwa gari, barabara ya juu.
Ulibeba mitungi ya gesi, mlango wa buluu,
mtende mzima na makuti yake,
pikapu ya Zahran, taa zinawaka.
Fanja ukajikunja chini ya daraja ukapanuka.
Al-Khodh ukakuta bwawa,
ukuta mrefu wa udongo,
ukasimama, rangi ya chai ya maziwa,
vijana wakaja kupiga picha.
Wiki tatu baadaye palikuwa na tope
lililopasuka kama kisigino.

Kijitabuni pana safu: *Ulifika baharini?*
Nikaandika: haukufika.

Mama ana kisima uani.
Maji ya bomba, anasema, hayana ladha ya popote.
Lakini miaka hii bahari inaingia kwa chini, kimyakimya.
Imeshamuulia mndimu.
Chai yake anaitia vijiko vitatu
kuificha chumvi, na sisi tunanyamaza.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano
alikunywa funda moja, akatua kikombe,
akachungulia ndani.
"Nani kanizidishia sukari?"

Nilitazama kisima, kamba yake, ndoo inayodondoka.
"Hakuna," nikamjibu.