Hali Nambari Nane

Saa nane usiku, mjini Łódź, ghorofa ya tatu
ya kiwanda kilichokuwa kikisokota pamba;
siku hizi kinasokota oda, ankara, stakabadhi,
kutoka mfumo huu hadi mfumo ule.
Jagoda Wrzesińska yuko zamu. Chai imepoa.

Wiki ya kwanza Witold alimwandikia kikaratasi,
akakibandika chini ya kioo cha kompyuta:
Moja, mchakato umeanza. Mbili, unaendelea.
Nne, umekamilika, usahau.
Tano, umeshindwa: huo utakupigia kelele wenyewe.
Sita, umekatishwa, na jina la aliyekatisha hubaki.
Nane (hapo kalamu ilisita, wino ukavimba)
nane, unangoja.

"Tano usiiogope," alisema. "Tano ina sababu,
ina saa yake, ina mtu wa kulaumiwa.
Nane haina kosa. Ndiyo taabu yake."

Na huu hapa, nane, tangu Novemba tarehe tisa:
vifaa viwili vya kusikia, vya mtoto,
kliniki moja ya Suwałki. Ombi lilitoka salama,
likabisha kwa msambazaji wa Poznań,
likaambiwa, subiri.
Msambazaji akafilisika Januari.
Mlango uling'olewa; mbishaji yupo bado,
mkono juu.

Haukuvunjika. Haukuvunjwa. Wala haukukwama,
maana kilichokwama hujisukuma.
Kila robo saa unauliza, tayari?
na kimya kinaandikwa kwenye kumbukumbu
kwa tarehe na sekunde zake, kama jibu.
Mara elfu ngapi? Alianza kupiga hesabu, akaacha.

Asubuhi, badala ya kwenda kulala, akapiga simu.
Muuguzi alicheka, kisha akaacha kucheka.
"Ala, hivyo? Vilifika kabla ya Krismasi.
Dereva alivileta mfukoni mwa koti lake.
Mtoto sasa analalamika
kwamba theluji ina kelele akiikanyaga."

Jagoda akatafuta nambari ya jambo
lililokwisha duniani, na mfumo haujaambiwa.
Akapanda orodha, akashuka. Haimo.

Akabonyeza sita. Jina lake likabaki.
Penye maelezo zinaruhusiwa herufi mia mbili;
yeye akatumia nane:
vimefika.