Nauli ya Tetri Ishirini

Kimefika kwa basi, kimeviringishwa ndani ya soksi ya sufu,
kifaa cha kupimia gari, na kijikaratasi cha Khatuna:
"Iulize gari kwanza, ndipo umuulize fundi."
Siku tatu njiani, Wroclaw mpaka Kutaisi,
na waya wake bado una ubaridi wa mipaka.

Taa ya injini imewaka tangu Novemba,
kijitaa cha manjano, mdogo wake jua,
hakipashi kitu joto.

Napiga goti kwenye theluji, nusu yangu ndani, nusu nje,
napapasa chini ya usukani wa Opeli
mpaka vidole vinakutana na soketi ya vishimo kumi na sita.
Nachomeka. Nazungusha ufunguo, injini isiwake,
kama kijitabu kinavyoagiza.
Kioo cheusi.
Nachomoa, napuliza, nachomeka tena,
nasukuma kwa kiganja kama mtu anayefunga sanduku lililojaa.
Kioo cheusi.
Natukana kiwanda, natukana dereva wa basi,
mwisho natukana hata soksi.

Otari anatoka ghorofa ya chini na kandambili zake.
Miaka thelathini alifunga nyaya za malori;
kiwanda kilikufa, mikono yake haijapewa taarifa.
"Mgonjwa hasemi," anasema, "nawe unampiga daktari."
Ana taa ya kupimia: sindano, balbu, waya mmoja.
Kishimo cha nne, ethi ipo. Cha tano, ipo.
Cha kumi na sita, panapotakiwa umeme wa betri,
kimya.
"Fyuzi," anasema. "Inakula sahani moja na kile cha kuwashia sigara."

Mimi sivuti. Tangu Elene azaliwe sijavuta.
Fyuzi ya ampea ishirini, uzi wake umekatika katikati
kama unywele uliopitishwa juu ya mshumaa.
Naweka mpya: inaungua tukiitazama.
Otari anafungua betri, anamulika tundu la sigara,
anaingiza kibano, anakuna, anavuta
sarafu ya tetri ishirini, nyeusi upande mmoja.

Alikuwa na miaka minne. Alikaa kiti cha mbele alichokatazwa,
gari limezimwa, hapa hapa uani,
akasema, "Dereva, nipeleke baharini," akatia nauli.
Nilimwambia tumefika.
Hakuniamini.

Fyuzi ya tatu inashika. Kifaa kinalia mara moja,
kioo kinajaa Kipolandi.
Nampigia. Ametoka shule, anatafuna kitu.
"Nitajie herufi, baba." Namtajia.
"Hiyo ni lugha. Na pia ni ulimi, neno ni hilo hilo."
"Kama kwetu," nasema.
Ananyamaza kidogo. "Eeh. Kama kwetu."
Orodha ina lugha kumi na moja; yetu haimo.
Kirusi kimo, nilichofundishwa kwa rula ya mbao.
Kidole kinasimama juu yake.

Narudi nyuma. Nakiacha kilivyo.

"P, sifuri, moja, saba, moja," nasema, kisha herufi zinazofuata,
naye anapita juu yake polepole, mguu kwa mguu:
"Mchanganyiko... mwembamba. Hewa nyingi, petroli haitoshi."
Otari keshaingiza kichwa chini ya boneti, anasikiliza.
Mpira wa hewa una ufa wa urefu wa kucha,
unavuta pumzi kwa siri.
Anauzungushia utepe. "Mpaka Jumatatu. Ununue mpya."
Kifaa kinauliza kama nifute.
"Andika kwanza," anasema Elene, mkali kama mama yake.
"Kosa halifutwi kabla halijaandikwa."
Naandika nyuma ya kijikaratasi cha Khatuna.

Jumamosi, mpaka daraja la Rioni na kurudi, dashibodi ni giza tupu.
Jumapili utepe umeachia, kijitaa kimerudi,
nami nimefurahi kama mpumbavu,
simu sikioni, sarafu mfukoni.
P, nasema. Sifuri.
Usiniharakishe, mwanangu, herufi hizi
sizioni vizuri.