Kokwa

Baba Zahran ameapa kala tende mbili.
Mimi ndiye nifuaye kanzu zake.
Mfukoni, kabla ya mashine,
nimetoa kokwa saba, zimenyonywa zikang'aa,
nikazipanga juu ya friji.

Sikumwambia neno.
Mtu wa miaka sabini na moja,
mguu mmoja umebaki na vidole vinne,
haaibishwi mbele ya wajukuu.
Lakini nilizipenda zile kokwa.
Tende hata ukiila kwa wizi
inakuachia risiti.

Usiku huo nikaingia stoo, hapa Mabela, saa nane,
kiyoyozi kinakoroma kama mgeni aliyeshiba,
nikasoma chupa na maboksi kwa taa ya simu.
Sosi ya nyanya ya Yaarub: sukari.
Mkate wa slesi, ule laini wa shuleni: sukari.
Nafaka za asubuhi zenye picha ya twiga: sukari,
kisha sukari tena kwa jina jingine,
sharubati ya mahindi, kimea, nini-ozi na nini-ozi,
kama mtu mwenye madeni
anayehama kila mtaa na pasipoti mpya.
Nilikwenda na kalamu nipige mistari.
Wino ulikata rafu ya pili.

Kwetu Samail, kwa bibi Jokha,
utamu ulikuwa na mahali pake.
Kahawa chungu huku, sahani ya tende kule,
katikati mkono wako
na macho ya watu.
Ukigusa ya sita, mtu anakohoa.
Halwa nayo, vidole vitatu, basi,
bakuli linaendelea na safari yake.
Nani atamkoholea mtu mbele ya chupa ya sosi?

Mdogo wangu Thuraya kaja na kikopo kutoka Dubai.
Ukikibonyeza, tik,
kidonge kama jicho la dagaa kinadondokea chai.
"Hakina sukari, hakina kitu. Mpe baba."
Baba kaonja. Kanyamaza kidogo.
"Tamu," kasema, "lakini haikai.
Inapita kama mtu asiyetoa salamu."
Muuguzi wa kituo cha afya kasema si neno, kwa kiasi.
Bi Ghanima wa nyumba ya pili kasema ni sumu,
kaletewa kwenye simu na mtu aliyeletewa na mtu.
Mimi sijui.
Nakwambia kweli, sijui,
na kutojua huko nakukoroga kila alfajiri
kwa kijiko kilichozoea kupima.

Ijumaa, sofra imetandikwa, wali unafuka,
Yaarub kaziona kokwa juu ya friji.
"Hizi za nani?"
Kila mtu akatazama sahani yake.
Baba akatazama dari, kama anayekagua rangi.
"Zangu," nikasema. "Za kuhesabia."

Basi mtoto akataka tuhesabu.
Kijiko kimoja, kokwa moja.
Tukaanza na kopo la soda la Thuraya:
tukasoma ubavuni, tukagawa, tukabishana,
akawa anazipanga kwenye mkeka, moja, moja,
saba zikaisha
na kopo bado lina deni.
Thuraya akalisogeza nyuma ya jagi la maji,
taratibu, kwa kisigino cha mkono.

"Na kidonge cha babu, kokwa ngapi?"
Mkono wake mdogo ulisimama hewani, mtupu.
Akanitazama mimi, akamtazama shangazi yake.
Tukasikia wali unavyotafunwa.

"Haya, na mkate?"
"Kokwa zimekwisha, mwanangu."

Baba, bila kumwangalia mtu,
akatia mkono mfukoni
kwenye kanzu niliyoipiga pasi asubuhi ile ile,
akapapasa,
akatoa mbili.